Ziara za nchi kavu kwenye meli ya Mediterania: kulipia melini au kwenda wenyewe?

Msomaji wetu wa Tanga ametuandikia. Kaka yake aishiye Ujerumani amewalipia yeye na mama yao safari ya meli ya kitalii mwishoni mwa Septemba. Meli inaondoka Piraeus, bandari ya Athens, inapita Mykonos, Kuşadası (Uturuki), Rhodes, Heraklion na Santorini, kisha inarudi Piraeus. Kampuni imemtumia orodha ya ziara za nchi kavu, na bei zake zimemshtua. Anauliza: "Tununue ziara za meli, au tushuke tukatembee wenyewe? Mama ana miaka 67 na magoti yanamsumbua, lakini hamu yake kubwa ni kuiona Efeso. Ataweza?"

Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama. Efeso ataiona, tena kwa miguu yake mwenyewe, mkipanga vizuri.

Ningekuwa mimi ndiye ninayesafiri na mama kwa njia hiyo, ningelipia ziara za meli Kuşadası na Santorini tu. Rhodes na Heraklion ningeshuka mwenyewe bila kumlipa mtu. Mykonos nisingepoteza siku kwenye maduka ya mjini, ningepanda boti kwenda Delos. Athens ningeipa siku yake kabla ya kupanda meli.

Maelezo mengi utakayosoma kuhusu safari hizi yameandikwa na watu ambao pasipoti zao haziombwi viza. Wao watakwambia ziara za meli ni ghali, shuka, kodi teksi, utaokoa nusu ya pesa. Kwao ni kweli. Mmarekani akiachwa na meli Kuşadası, hasara yake ni chumba cha hoteli na nauli ya kuifuata meli bandari ijayo. Wewe na mama mnaosafiri kwa pasipoti ya Tanzania mko katika hali nyingine kabisa. Mkiachwa Uturuki, mnajikuta katika nchi ambayo mliruhusiwa kuingia kwa sababu tu ni abiria wa meli iliyotia nanga, na ili kuifuata meli lazima muingie upya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki ikiwemo. Basi kabla hujapiga hesabu ya bei, jiulize swali moja katika kila bandari: nikichelewa hapa, itakuwaje?

Ziara iliyouzwa na meli ikichelewa kurudi, meli husubiri, na ikishindikana kabisa kampuni ndiyo inayobeba jukumu la kuwafikisha bandari inayofuata. Mkitoka wenyewe, meli huondoka saa yake. Hiyo ndiyo bima mnayoinunua ndani ya ile bei kubwa. Kuna mahali inastahili kununuliwa, na kuna mahali ni pesa ya bure.

Viza yenyewe nayo isikupite. Mtahitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, si ya kuingia mara moja. Mnapotua Athens mmeingia mara ya kwanza. Meli ikienda Kuşadası mmetoka Schengen. Ikifika Rhodes kesho yake, mnaingia mara ya pili. Mwenye viza ya kuingia mara moja huenda asiruhusiwe hata kupanda meli kule Piraeus. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri hizo siku 15. Ambatisha ratiba ya meli ili afisa aone mwenyewe kwamba mnatoka na kurudi. Kwa upande wa Uturuki, abiria wa meli za kitalii huruhusiwa kushuka bila viza kwa muda usiozidi saa 72, kwa idhini ya polisi wa bandari. Hata hivyo iandikie kampuni ya meli, itaje pasipoti yenu ni ya nchi gani, na majibu yao uyachapishe uyaweke mkobani.

Kuhusu saa, mna bahati ambayo abiria wengi hawana. Mwezi Septemba Ugiriki na Uturuki zote ziko kwenye majira sawa na Afrika Mashariki, kwa hiyo saa zenu za mkononi hazihitaji kuguswa. Kinachohitaji uangalifu ni kwamba ratiba ya meli huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 17:30 ni saa 11 na nusu jioni. Tena muda wa kuzingatia si ule wa meli kuondoka, ni ule wa mwisho wa kupanda, ambao mara nyingi huwa nusu saa au zaidi kabla. Karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani kila jioni ina namba ya simu ya wakala wa meli katika kila bandari. Ipige picha, na ubebe nakala ya pasipoti na ya viza kila mnaposhuka, maana meli nyingine hukaa na pasipoti zenyewe hadi mwisho wa safari.

Sasa tuje kwenye bandari zenyewe.

Mykonos ni mji mzuri wa nyumba nyeupe na vichochoro, na baada ya saa mbili utakuwa umeuona. Delos iko mwendo wa nusu saa kwa boti kutoka bandari ya zamani, na hakuna mahali katika safari yenu yote ninapopathamini zaidi. Wagiriki waliamini miungu yao Apollo na Artemi walizaliwa kwenye kisiwa hiki kidogo kikavu. Mwaka 426 KK Waathene waliamua kukitakasa. Walifukua makaburi yote na kuyahamishia kisiwa cha jirani, wakapiga marufuku mtu kuzaliwa au kufia Delos. Wajawazito na wagonjwa mahututi walivushwa ng'ambo. Baadaye, mwaka 166 KK, Warumi wakaifanya bandari isiyotozwa ushuru, na kisiwa kitakatifu kikageuka soko la mataifa: Wasiria, Wamisri, Waitalia, Wayahudi, kila jamii na mahali pake pa ibada. Misingi ya mahekalu ya miungu ya Misri na ya Siria bado iko pale mlimani, na inadhaniwa kwamba jengo moja upande wa mashariki lilikuwa sinagogi.

Jambo moja msiliache lipite kimya. Delos ilikuwa soko kubwa la watumwa. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika kwamba kisiwa hiki kingeweza kupokea na kusafirisha watumwa makumi ya maelfu kwa siku moja. Waongozaji wengi huharakisha wageni kwenda kupiga picha na simba wa mawe, lakini sisi tunaotoka pwani iliyokuwa na masoko ya aina hiyo tuna kila sababu ya kumsimamisha mwongozaji na kumuuliza. Mji ule ulivamiwa mwaka 88 KK wakati wa vita vya mfalme Mithridates dhidi ya Roma, ukaporwa tena na maharamia mwaka 69 KK, na haukuinuka tena. Wafaransa walianza kuuchimba katika miaka ya 1870 na kazi bado inaendelea.

Ukiwahi kuvuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, utaitambua hali ya Delos mara tu unaposhuka: mji wa bandari uliotajirishwa na bahari, ukaachwa, na mawe yake yamebaki yakitazama maji. Tofauti ni kwamba Delos haina kijiji wala minazi, na mgeni haruhusiwi kulala. Kivuli hakuna. Bebeni maji ya kutosha na kofia zenye ukingo mpana. Mama asihangaike kupanda mlima Kynthos, ingawa una mita 112 tu, kwa sababu ngazi zake ni za mawe yasiyo sawa. Kutoka gatini hadi kwenye simba wa mawe waliotolewa na watu wa kisiwa cha Naxos hakuna mlima wa kumtisha. Wanaosimama nje ni nakala, kwani wale wa asili wameingizwa ndani wasiendelee kuliwa na upepo. Mwache mama apumzike kwenye jiwe, wewe nenda kwenye nyumba za matajiri karibu na uwanja wa maonyesho ukaone sakafu za vijiwe vya rangi, hasa ile ya Dionysus, mungu wa mvinyo.

Upepo wa kaskazini, ambao Wagiriki huuita meltemi, ndio unaoweza kuharibu mpango huu. Nguvu zake huwa kubwa Julai na Agosti, na mwishoni mwa Septemba hupungua, lakini haumalizi kabisa. Ukivuma sana boti za Delos husitishwa, na wakati mwingine meli yenyewe hushindwa kusimama Mykonos. Kwa hiyo msinunue tiketi ya boti mapema. Nunueni asubuhi ileile mkishaona bahari imetulia, mchukue boti ya mapema, na kabla ya kupanda mwulizeni mkata tiketi boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi.

Kuşadası ndiyo bandari ya kulipia ziara ya meli bila kusitasita. Efeso iko kama kilomita 20 tu kutoka gatini, na teksi mtazikuta zimejaa, lakini hesabu ya viza niliyokueleza hapo juu ndiyo inayoamua.

Magofu yana malango mawili, la juu na la chini. Ziara nzuri huwashusha lango la juu, mnatembea mkiteremka, na basi linawasubiri chini. Uliza hilo kabla ya kulipa, kwa sababu magoti ya mama yanategemea jibu. Umbali wote ni kama kilomita moja na nusu hadi mbili. Tatizo ni marumaru ya njiani, ambayo miguu ya watu imeisugua kwa karne nyingi hadi inateleza hata ikiwa kavu. Mnunulie fimbo ya kutembelea hapo Tanga, tena yenye mpira chini, na viatu vya kufunga. Kandambili hapana.

Mkifika katikati ya mteremko mtaliona jengo lililofanya Efeso ijulikane duniani, yaani maktaba ya Celsus. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2 BK kumkumbuka gavana Mrumi wa jina hilo, na kaburi lake limo ndani ya maktaba yenyewe. Ukuta wa mbele mnaouona ulisimamishwa upya na wanaakiolojia katika miaka ya 1970, wakipanga vipande vilivyoanguka. Ukitoka hapo na kufuata barabara ya marumaru unafika kwenye uwanja mkubwa wa maonyesho, uliochukua watu kama 25,000, na naamini hapo ndipo mama atakapotaka kukaa. Ndipo umati uliposukumana katika Matendo ya Mitume sura ya 19, siku Demetrio mfua fedha alipowachochea mafundi wenzake kwa kuwa mahubiri ya Paulo yaliharibu biashara yao ya vihekalu vya fedha vya Artemi, wakapiga kelele kumtukuza Artemi kwa muda wa saa mbili. Mwambie mama abebe Biblia yake, asome sura ile akiwa pale pale.

Akitazama mbele kutoka uwanjani ataona barabara pana iliyonyooka kwenda bandarini, ila bandari yenyewe haipo. Mto uliojaza matope ghuba ile umeisukuma bahari kilomita kadhaa, na hicho ndicho kilichoua mji. Hekalu la Artemi, lililohesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia ya kale, limebakiza nguzo moja iliyounganishwa vipande vipande, na korongo hupenda kujenga kiota juu yake. Linaonekana likiwa njiani, dakika kumi zinatosha.

Kuna nyumba za matajiri zilizofunikwa kwa paa, zenye michoro ukutani na sakafu za kupendeza, na tiketi yake ni ya pembeni. Mimi nazipenda mno. Ila ndani ni ngazi tupu, kwa hiyo ama uende wewe peke yako mama akisubiri nje, ama mziache. Ziara nyingine huunganisha Efeso na nyumba ya Bikira Maria iliyoko kilimani, ambayo mapapa Paulo wa Sita, Yohane Paulo wa Pili na Benedikto wa Kumi na Sita walifika kusali. Wakristo na Waislamu wote huizuru. Kama mama anataka kusali pale, chagueni hiyo. Kama hana haja hiyo, chukueni ziara ya Efeso peke yake ili asikimbizwe.

Ziara nyingi za Kuşadası humalizikia duka la mazulia au la ngozi. Mtakaribishwa chai na kuoneshwa jinsi zulia linavyofumwa, na ufumaji wenyewe unapendeza kuutazama. Hamlazimiki kununua chochote. Kunyweni chai, shukuruni, simameni.

Rhodes haihitaji maneno mengi. Meli hufunga karibu kabisa na kuta za mji wa kale, mnatoka gatini mnaingia lango la mji kwa miguu. Barabara ya Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, wapiganaji wa dini wa Kikristo waliotawala hapa hadi Sultani Suleiman alipowatoa baada ya kuuzingira mji mwaka 1522, ina mawe ya mviringo yanayoumiza nyayo, kwa hiyo mama apite pembeni. Kasri la mkuu wao ni la kuvutia, ingawa sehemu kubwa ilijengwa upya na Waitalia katika miaka ya 1930 baada ya lile la zamani kubomolewa na mlipuko wa baruti mwaka 1856. Meli itawauzia ziara ya Lindos, kama kilomita 50 kutoka mjini. Ngome yake juu ya mwamba ni ya kupendeza kweli, lakini kupanda kwake ni ngazi ndefu kwenye jua. Kwa magoti ya mama nasema hapana. Sanamu ile kubwa ya Rhodes msiitafute, iliangushwa na tetemeko mwaka 226 KK na hakuna kilichobaki.

Heraklion, kisiwani Krete, meli itawauzia Knossos, jumba la Waminoa, watu wa kale wa Krete, lililo kilomita 5 kutoka mjini. Basi la kawaida la mji linafika hapo, hamna haja ya ziara ya meli. Lakini nikuambie ninavyoliona: Knossos ukiliona kabla ya makumbusho hulielewi. Mwanaakiolojia Mwingereza Arthur Evans alianza kulichimba mwaka 1900, akajenga upya sehemu nyingi kwa saruji na kupaka nguzo rangi nyekundu kwa jinsi alivyodhani lilikuwa, na mgeni hawezi kujua ya kale ni ipi na ya Evans ni ipi. Vitu vyenyewe vilivyotoka ardhini viko makumbusho ya Heraklion, mwendo mfupi kutoka bandarini: mchoro wa kijana anayeruka juu ya ng'ombe dume, diski ya udongo ya Phaistos yenye alama ambazo hadi leo hazijasomwa, sanamu za wanawake walioshika nyoka. Anzeni hapo. Mama atakuwa kivulini, sakafu ni sawa, viti vipo. Muda na nguvu zikibaki, pandeni basi.

Santorini lipieni meli, na sababu yake ni mlima. Kisiwa ni ukingo wa volkano iliyozama. Meli hutia nanga katikati, abiria hushushwa kwa boti ndogo hadi bandari ya zamani chini ya mwamba, na kutoka hapo kufika mji wa Fira juu kuna njia tatu: vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, ngazi zaidi ya 580, au kupanda punda. Ngazi na punda vifute kwenye orodha. Foleni ya vibanda, siku ambayo meli kadhaa zimefika pamoja, huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Wenye ziara ya meli kwa kawaida hupelekwa gati jingine, Athinios, ambako basi huwapandisha mlimani bila foleni.

Chagueni ziara inayokwenda Akrotiri. Huu ni mji wa miaka zaidi ya 3,500 uliofunikwa na majivu ya volkano ileile. Mwanaakiolojia Mgiriki Spyridon Marinatos alianza kuuchimba mwaka 1967, na nyumba za ghorofa zimekutwa zimesimama, mitungi iko mahali pake, mifereji ya maji machafu iko chini ya barabara. Miili ya watu haijaonekana. Inaelekea walihisi matetemeko wakaondoka mapema. Kwa mama hapa ndipo pazuri kuliko magofu yote mtakayoyaona. Eneo zima limefunikwa kwa paa, na mnatembea juu ya njia zilizotengenezwa, mkiutazama mji chini yenu. Baada ya hapo ziara nyingi huwaacha Fira mshuke wenyewe kwa nyaya, na foleni ya jioni ndiyo mbaya kuliko ya asubuhi. Muwe mmeshapanga foleni saa mbili kabla ya boti ya mwisho. Machweo mtayaona mkiwa sitaha ya meli.

Tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza kila abiria wa meli za kitalii ada ya kushuka: katika miezi ya Juni hadi Septemba ni euro 20 Mykonos na Santorini, na euro 5 bandari nyingine. Angalia kama kampuni imeshaijumlisha kwenye bei yako au itaikata mwishoni.

Athens iliyobaki igaweni mara mbili. Fikeni angalau siku moja kabla ya meli kuondoka, maana ndege ikichelewa meli haisubiri. Siku hiyo ni ya Akropoli, mlima wenye mahekalu ya kale katikati ya mji. Tiketi ni euro 30, inanunuliwa mtandaoni kwa saa maalumu ya kuingia, na ichukueni ya saa 2 asubuhi kabla jua halijawa kali. Kuna lifti kwa wasioweza kupanda, lakini iulizieni mapema. Kama mama hataki kupanda kabisa, makumbusho ya Akropoli chini ya mlima yana lifti, na ghorofa ya juu ina vioo vinavyotazama Parthenon, hekalu kubwa la mlimani. Karibu na lango la Akropoli kuna mwamba wa Areopago, ambako Paulo alihutubia katika Matendo sura ya 17. Mama autazame kutoka chini, kwa sababu juu mawe yanateleza.

Mtakaporudi Piraeus mwisho wa safari, meli hufika alfajiri na abiria hushushwa mapema. Msikate tiketi ya ndege ya asubuhi. Wekeni mizigo mahali pa kutunzia mjini, mwende makumbusho ya taifa ya akiolojia. Humo ndimo ilimo baadhi ya michoro mikubwa iliyotolewa Akrotiri: vijana wawili wanaopigana ngumi, na paa wawili waliochorwa kwa mistari michache tu. Mkifika siku ya Jumanne, kumbukeni kwamba milango yake siku hiyo hufunguliwa saa 7 mchana, kwa hiyo ndege iwe ya usiku.